Nipeni kamati ya usafiri

Jumapili, saa tano usiku. Siku ya 143 tangu niache pombe.

Leo nimekwenda baa. Naandika hivyo waziwazi ili kesho nisije nikajidanganya.

Mdogo wangu anaolewa, na hapa Dar kikao cha harusi mara nyingi hakikai sebuleni. Chetu kinakaa baa, Sinza: meza nne zimeunganishwa, daftari la ahadi katikati, chupa zimelizunguka. Ningeweza kutuma mchango kwa simu nikabaki zangu Kimara. Lakini baba hayupo tena, na kiti cha kaka mkubwa kikiwa wazi watu huuliza.

Nilikula kabla ya kutoka, wali maharage, sahani imejaa. Nimeshajua kwamba nikiwa na njaa hamu inakuja mapema, tena kwa nguvu. Hasira na uchovu navyo ni hivyo hivyo, lakini njaa ndiyo inayoniponza zaidi.

Nilichosahau kujiandaa nacho ni mhudumu. Ni dada yule yule wa siku zote. "Bosi, umepotea! Nikuletee ile ya kawaida?" Aliuliza kwa furaha ya kweli, na mate yakanijaa mdomoni kabla sijawaza chochote. Watu hudhani hamu ni mawazo. Yangu inaanzia mkononi, vidole vinajikunja kushika chupa ambayo haipo. Nikawahi kusema, "Niletee tangawizi baridi, dada." Ningechelewa kidogo, mdomo ungeagiza kitu kingine.

Kikao kikaenda vizuri hadi mjomba, mwenyekiti wetu, alipofika kwenye kamati ya vinywaji. Akataja jina langu, meza nzima ikapiga makofi. Mtaalamu wetu! Ni kweli, harusi ya binamu yangu niliisimamia mimi, kreti hazikupungua. Ila keki ilivyokatwa sikumbuki. Naziona picha, nimo, sikumbuki.

Hapo hamu ikapanda. Kifua kilibana, sauti za watu zikawa mbali. Saa moja na dakika arobaini. Kaka mmoja wa kikundi chetu cha walioacha alinifundisha kutoshindana nayo, niangalie saa tu, kwa sababu mara nyingi usipoilisha haimalizi nusu saa. Nikatoka hadi kwenye kijiwe cha bodaboda, nikampigia. Hakunihubiria. "Umekula? Uko na nani?" Kisha tukaongea habari za matope ya mtaani kwetu mpaka saa mbili na dakika tano. Haikuisha, lakini ilishuka, nikaweza kurudi.

"Mjomba, samahani. Nimeacha pombe, na nikikaa karibu na kreti nitarudi kule kule. Nipeni kamati ya usafiri."

Mmoja akacheka, akidhani natania. Mama mdogo hakuinua hata macho. "Andika usafiri," alimwambia katibu. Sijui kama anajua alichonifanyia.

Wakati naondoka shemeji yangu mmoja akanifuata hadi barabarani. Mikono yake asubuhi haitulii mpaka azimue, mimi nimeishi hivyo. Nilianza na viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, na vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikahamia chupa ndogo bila kukosa hata siku moja. "Kesho na mimi naacha," alisema. Nikamshika mkono. Nilimwambia asiache ghafla peke yake chumbani kama nilivyofanya mimi. Usiku wa pili nilianguka, mwili ukakakamaa, nikazinduka hospitali. Daktari alinieleza kwamba mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege, na wengine hufa. Kwa hiyo aende kwa daktari kwanza, aseme kiasi halisi anachokunywa, asimamiwe. Nimemwahidi kumsindikiza Jumanne. Namwombea asibadili mawazo usiku huu, maana najua usiku wa kabla ya kuacha unavyokuwa mrefu.

Nikatembea kwa miguu hadi Shekilango kupanda mwendokasi. Baa ni nyingi barabara ile, na muziki unakufuata mpaka kituoni. Nilipofika Kimara Mwisho shati lilikuwa limelowa jasho.

Kesho asubuhi nampigia mwenye Coaster. Tunahitaji mbili, moja ianzie huku kwetu, nyingine Mbagala, na zote ziwe ukumbini kabla ya saa kumi na mbili jioni.