Nilivyochagua ziwa la kuvulia juu ya barafu bila kufuata mkumbo

Nilipoanza kutafuta ziwa la kwenda kuvua kipindi cha baridi, kila niliyemuuliza alinitajia yale makubwa yenye jina, na mimi nikaishia kuchagua ziwa dogo ambalo hakuna mtu analisifia, na sijajuta. Naeleza nilivyofika hapo maana wengi naona wanakimbilia kuuliza wapi kuna samaki wengi, wakati barafu yenyewe inaaminika au la ndo ilitakiwa iulizwe kwanza.

Ukubwa ndo ulinipa maamuzi ya haraka. Ziwa kubwa linachelewa kuganda, maji ni mengi na upepo unayakoroga muda wote, na hata likishaganda upepo huohuo unaweza kuimega barafu ukaondoka nayo. Februari 2009 kwenye ziwa Erie huko Marekani, upande wa jimbo la Ohio, pande zima la barafu lilijitenga na ufukwe likiwa na wavuvi juu yake, waliokolewa zaidi ya watu 100 na mmoja akafa. Desemba 2023 ikawa zamu ya Upper Red Lake, ziwa jingine la Marekani kwenye jimbo la Minnesota, nako watu zaidi ya 100 walijikuta wamekatwa na mkondo wa maji kati yao na nchi kavu. Silisemi vibaya hilo ziwa, watu wanapata samaki aina ya wolai (walleye) wa maana pale, ila kwa sisi tunaotembea kwa miguu tukiburuta mizigo na hatuna mwenyeji wa kutuambia jana hali ilikuaje, hapana.

Sasa usije ukaruka huko ukaangukia kwenye kidimbwi, kidogo sana nacho kina ishu yake na ni ya oksijeni. Barafu ikifunika ziwa hewa haiingii tena, kinachobaki ni ile oksijeni iliyokuwemo na kidogo inayotengenezwa na majani ya majini kama mwanga bado unapenya, afu theluji ikianguka nyingi juu ya barafu mwanga unakata, majani yanakufa yanaoza, na kuoza kunakula oksijeni iliyobaki. Ziwa la kina kifupi linaweza kuua samaki wake karibu wote kwa msimu mmoja na we juu hapo huoni chochote, unatoboa mashimo tu unakaa unaganda. Kwahiyo nilitafuta ramani zinazoonyesha kina cha maziwa, zile zenye mistari kama ya milima, nikawa naweka pembeni kila ziwa lisilokuwa na sehemu ya walau mita 6 kwenda chini. Mistari ikibanana ujue hapo pana mteremko mkali, ikiachana ni tambarare, na mi nilitaka vyote viwili viwe karibu karibu, ntasema kwanini.

Halafu kuna hii ya picha za satelaiti ambayo sikuambiwa na mtu na kiukweli ndo ilinisaidia kuliko yote. Picha za Sentinel-2, satelaiti za Ulaya, ni bure, unachagua tarehe unaliangalia ziwa lako, maji wazi yanaonekana meusi na theluji juu ya barafu inaonekana nyeupe. Nilirudi nyuma kwenye picha za misimu iliyopita, nikaangalia ziwa lipi linakua jeupe mapema na lipi linabaki na doa jeusi wakati jirani zake wote wameshafunikwa. Doa linalojirudia palepale mwaka hadi mwaka lina sababu yake, ni chemchemi, au mto unaingia au unatoka, au kuna mtambo wa kupuliza hewa uliowekwa makusudi ili samaki wasife. Barafu ya hapo ni nyembamba hata kama ya upande wa pili inabeba gari. Kuna ziwa moja nilikua nimeshalipenda kabisa, kina kizuri, njia nzuri, nikaliacha kwasababu lilikua na doa katikati ya mkondo mwembamba unaounganisha sehemu mbili zenye kina, na sisi tungelazimika kupita hapohapo.

Samaki sasa. Idara ya maliasili ya Minnesota inatoa bure taarifa za ziwa kwa ziwa, walitega nyavu lini, wakapata nini, wamepandikiza vifaranga vya aina gani, na sehemu nyingine zenye maziwa ya barafu nazo zina utaratibu unaofanana na huo. Angalia mwaka wa hayo matokeo, ya zamani sana hayakusaidii. Mi nilikua nataka perchi na wolai, yule mwenye macho yanayong'aa kama ya paka gizani na anayekula zaidi jua likizama. Anayetaka trauti atafute ziwa tofauti kabisa, lenye kina na maji safi, trauti hana uvumilivu na maji yaliyoishiwa oksijeni.

Na ile ya mteremko karibu na tambarare ni hivi: maji mazito kuliko yote ni yale ya nyuzi 4, kwahiyo yanakaa chini na yale ya karibu na sifuri yanakua juu yakigusa barafu, yaani msimu wa baridi chini ndo kuna joto. Mwanzo wa msimu samaki bado wapo kwenye maji mafupi karibu na majani mabichi, katikati ya msimu wengi wanashuka, perchi wanakaa kwenye tope la tambarare wakila viluwiluwi vya wadudu. Ziwa lenye vyote karibu halikulazimishi kuhama kilomita nzima kuwafuata.

Yote hayo nilifanya nimekaa ndani. Ziwa lenyewe linakubalika siku ukifika, na hapo usione aibu kugeuka. Nilienda na mtaimbo, napiga mbele yangu kabla ya kila hatua, ukipenya kwa pigo moja unarudi ulikotoka. Kisha keekee, natoboa, naingiza kijiti chenye ndoano mpaka kishike ukingo wa chini wa barafu, napima. Shimo la kwanza lilikua na tabaka mbili zinazoonekana kabisa, juu nyeupe kama sentimita 8, chini ngumu ya kupenya macho sentimita 6. Ile nyeupe ni theluji iliyolowa ikaganda tena, nguvu yake ni nusu, kwahiyo 8 naihesabu 4, jumla 10, na 10 ya barafu safi ndo kiwango cha chini kinachotajwa kwa mtu wa kutembea. Hapo nipo kwenye mstari kabisa, na nikasema hatuendi zaidi ya hapa mpaka shimo la pili. La pili likawa na safi 11, tukaendelea tukitoboa kila mita 40 hivi, maana unene haufanani.

Sheria zicheki mapema, leseni, idadi ya samaki, na tarehe. Minnesota kwa mfano msimu wa wolai kwenye maziwa mengi ya ndani unafungwa Februari wakati perchi unavua tu, unaweza kuchagua ziwa zuri kwa samaki ambaye ameshafungwa.

Kitu kingine, usiwe na ziwa moja tu. Mi nilikua na la akiba jirani, lenye kina kifupi zaidi, ambalo kwenye picha linaganda siku kadhaa kabla ya lile nililochagua, na mwanzo wa msimu ndo tunaanzia huko.