Nilivyozipanga zamu za wodini mimba ikiwa changa

Kwetu mimba changa haitangazwi. Mama mkubwa wa Marangu aliniambia nifunge mdomo mpaka miezi mitatu ipite, na kwa majirani na ndugu nilimtii. Kwa inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, nilisema mapema, utrasaundi ilipothibitisha tu. Wiki ambazo mila inataka ukae kimya ndizo ambazo kazi yetu ni ngumu zaidi kuivumilia, na hakuna atakayekupunguzia mzigo kama hajui hali yako.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, hospitali ya binafsi hapa Moshi. Wagonjwa wetu wengi ni vijana wa bodaboda waliovunjika mapaja. Mguu umefungiwa mawe ya kuuvuta, hawezi kujigeuza. Ni wewe umgeuze asipate vidonda vya mgongo, umpe bedipani, umtoe kwenye machela akirudi kutoka upasuaji. Usiku tuko wauguzi wawili, na mhudumu akipatikana.

Kabla ya kwenda kwa inchaji nilisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inauhesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inakataza mjamzito kupangiwa usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua. Wengi wodini wanaijua sheria mpaka hapo tu. Lakini inaendelea: hata kabla ya miezi hiyo unaweza kuondolewa usiku ukileta cheti cha daktari kwamba hali yako hairuhusu.

Kitu cha pili kilitoka Denmark. Utafiti uliochapishwa 2019, uliofuatilia wajawazito zaidi ya 22,000, wengi wao wafanyakazi wa hospitali, ulionyesha kwamba waliofanya zamu mbili au zaidi za usiku ndani ya wiki moja, baada ya wiki ya 8 ya ujauzito, walikuwa na hatari ya mimba kutoka wiki iliyofuata iliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 32. Haina maana kwamba kila naiti, yaani zamu ya usiku, inaharibu mimba. Nyingi zinazotoka mapema zina kasoro za kromosomu, na hapo hata ulale wiki nzima huzuii kitu. Ila zile zamu mbili kwa wiki zilinipa cha kuomba. Rosta yetu hupanga naiti mfululizo, kisha ofu. Sikuomba nifutiwe usiku wote. Niliomba nisizidishe naiti moja kwa wiki, na daktari wa kliniki akaniandikia hivyo, pamoja na kutobeba vizito.

Nilienda na rosta mbadala niliyoichora mwenyewe kwenye karatasi ya daftari. "Sista, naomba unisikilize kidogo, halafu uniambie kama haiwezekani." Nilikuwa nimejiwekea zamu za jioni na Jumapili, zile ambazo kila mtu hukimbia. Aliiangalia muda mrefu, akafuta sehemu moja, akasaini. Naamini ningeenda mikono mitupu ningeambiwa nisubiri rosta ya mwezi ujao.

Wenzangu hawakufurahi wote. Dada mmoja alinitupia kwenye makabidhiano: "Mimba si ugonjwa, sisi wote tumezaa tukiwa hapa hapa." Ni kweli, na sikubishana naye. Nilimpa Jumapili yangu ya kupumzika aende ubarikio wa mtoto wa dada yake, na maneno yakaisha. Nyongeza ya usiku ilipungua pia. Kisheria haipaswi kuwa chini ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, kwa hiyo nilichokosa hakikunikosesha usingizi.

Kunyanyua ndiko kulikonitesa zaidi ya usiku. Tulikubaliana nisimgeuze mtu peke yangu hata kama kengele inalia. Shuka likunjwe mara mbili chini ya mgonjwa, mmoja kila upande, kitanda kipandishwe kwanza (chetu kimoja mpini wake umekufa, hicho nilikikwepa kabisa). Mwenye mikono mizima ajivute kwenye chuma cha juu ya kitanda; wengi wanaweza, tumewazoesha uvivu sisi wenyewe. Saa za kuona wagonjwa niliwatumia ndugu bila aibu: "Kaka, shika hapa, tumsogeze mdogo wako." Mashine ya eksirei ikiletwa wodini, mimi nje mpaka wamalize.

Kichefuchefu kilinikuta kwenye kufunga vidonda. Usaha wa mfupa una harufu yake. Nikabadilishana na mwenzangu: yeye vidonda, mimi dawa na mafaili. Mfukoni nilikuwa na karanga na ndizi za kuchemsha zilizopoa, nikitafuna kidogo kidogo kabla tumbo halijawa tupu. Vidonge vya madini ya chuma na foliki nilivihamishia baada ya chakula cha usiku. Asubuhi vilikuwa vinarudi vyote.

Kulala mchana mtaani kwetu Pasua ni kazi nyingine. Niliweka vitenge viwili dirishani na simu nikamwachia mume wangu. Asubuhi baada ya naiti nilirudi kwa bajaji, si kwa boda. Ghali kidogo, lakini nimewafunga waliopanda boda wengi mno.

Naiti za mfululizo sikuzirudia hata miezi mitatu ilipopita. Inchaji mwenyewe aliiacha ile rosta iendelee. Sasa nimeshapeleka barua ya likizo, maana notisi inatakiwa angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua, na siku zake ni 84 zenye malipo. Wakiwa mapacha ni 100, ila utrasaundi imeonyesha mmoja.