Santuri Isiyo na Jina

Tangu mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, kumwita mtu "analojia" ni kumwambia kwa heshima kwamba amepitwa na wakati, kwa hiyo nakiri mapema kuwa wiki hii yote nimekuwa analojia. Kilichonifikisha huko ni santuri ya tekno (muziki wa dansi wa kielektroniki) ya andagraundi, ya inchi 12, iliyotoka karibuni, ambayo kibandiko chake cheupe hakina jina la msanii wala la kampuni. Niliinunua Berlin baada ya kuisikiliza dukani kwa dakika mbili tu.

Upande wa kwanza unatawaliwa na besi yenye sauti ya majimaji ambayo mpenzi wa tekno huitambua mara moja: ni Roland TB-303, kisanduku cha Kijapani kilichoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili mpiga gitaa asiye na bendi apate mtu wa besi. Kwa kuwa hakikufanana na gitaa la besi hata kidogo, hakikununulika, kikaishia kuuzwa mitumba kwa bei ya chini, na huko Chicago vijana wa kundi la Phuture wakaanza kuvizungusha vitufe vyake huku kikiendelea kupiga. Santuri waliyoitoa 1987 ikafungua mtindo mzima wa muziki uitwao acid.

Kisanduku hicho hukumbuka noti ulizokipangia, lakini hakikumbuki vitufe vilikuwa vimekaa wapi. Kila badiliko la sauti ni kazi ya mkono, na mkono huo haurudii jambo lilelile mara mbili. Katikati ya upande huu kuna mahali ambapo ngoma zinarejea kabla besi haijafunguka, yaani mtengenezaji alichelewa kidogo kuzungusha kitufe, kosa ambalo kwenye kompyuta angelisahihisha kwa sekunde chache. Hapo ndipo ninaporudisha sindano kila mara. Habari za "joto" la sauti ya analojia, ambazo mashabiki huzirudia kama wimbo wa taifa, mimi sizioni. Ninachokisikia ni mtu akiwa kazini.

Upande wa pili ni wa kawaida, isipokuwa mwisho wake. Mfereji wa mwisho umefungwa, sindano haitoki, bali inazunguka mduara uleule bila kikomo. DJ Jeff Mills wa Detroit aliupenda sana ufundi huu katika miaka ya 1990, na hesabu yake inavutia: kwa kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8, na mapigo manne hujaa humo sawasawa iwapo muziki unakwenda kwa mapigo 133 hivi kwa dakika, ambao ndio mwendo wa tekno.

Juzi usiku nilipitiwa na usingizi mduara huo ukiendelea. Asubuhi jirani yangu wa chini, mzee mpole, aliniamkia vizuri, kisha akauliza wimbo ule huwa unaisha saa ngapi.