Kutoka Dar es Salaam hadi Ikungi kutafuta yai la kuku ninayemjua

Trei la mayai lililonitoa nyumbani nililinunua katika soko moja la Dar es Salaam, kwa shilingi 500 kila yai, baada ya muuzaji kuniapia kwamba yote yalikuwa ya kuku wa kienyeji. Jioni nilipoyaosha, maji yaligeuka rangi yakawa kama chai iliyopoa, na maganda yakabaki meupe. Yalikuwa mayai ya kuku wa kisasa yaliyochovywa kwenye maji ya majani ya chai. Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kutambua kwamba kwa miaka yote niliyowalisha watoto wangu mayai sikuwahi kumwona kuku anayeyataga, wala mahali anapolala, wala dawa anazopewa. Nikaamua kwamba likizo yangu ya wiki moja ingeishia mashambani.

Nilipanda treni ya SGR, ambayo imekuwa ikibeba abiria hadi Dodoma tangu mwaka 2024, nikalala huko, na asubuhi yake nikachukua basi la Singida linalopita Manyoni. Singida inasifika nchi nzima kwa kuku wa kienyeji, na msafiri hahitaji kuambiwa. Basi liliposimama, wachuuzi walilizunguka wakiwa wamewashika kuku miguuni, vichwa vikining'inia, na njiani tulipishana na malori yenye matenga yaliyopangwa hadi juu, yakielekea Dar es Salaam. Niliyatazama matenga yale kwa muda mrefu. Kuku aliyefugwa vizuri mwaka mzima, kisha akasafirishwa karibu kilomita 700 juani bila tone la maji, siwezi kusema ametunzwa.

Mwenyeji wangu katika wilaya ya Ikungi alikuwa mama mkwe wa mfanyakazi mwenzangu, Mnyaturu wa makamo anayelima alizeti na kufuga kuku wapatao 60. Nilimwamkia, akanipokea mzigo.

"Marahaba, mwanangu, karibu sana. Umekuja siku nzuri, kesho alfajiri tunachanja. Utanisaidia kuwashika."

Kabla jua halijachomoza tulikuwa bandani. Banda lenyewe limeinuliwa kwa nguzo, sakafu yake ni ya fito zilizoachiana nafasi ili kinyesi kidondoke chini, na ndani kuna vitulio vya kulalia pamoja na viota vilivyotandikwa nyasi kavu. Nilimshika kila kuku, mbawa zikiwa zimebanwa kifuani pangu, naye mama akamwinamia, akafungua jicho kwa kidole gumba, akadondosha tone moja tu la chanjo, kisha akasubiri. Hakuniruhusu kumwachia kuku hadi alipopepesa jicho, kwa sababu tone likimwagika nje, kuku huyo anahesabiwa hajachanjwa. Kazi hiyo ilituchukua zaidi ya saa moja, na hakuruka hata kuku mmoja.

Chanjo hiyo ni ya mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri, na ambao ukiingia katika kijiji ambacho hakijachanja unaweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache. Mama aliwahi kupoteza banda zima namna hiyo. Sasa anatumia chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo za zamani na kwa hiyo hufika vijijini kwa urahisi zaidi, na anairudia kila baada ya miezi mitatu bila kukosa.

Ng'ambo ya njia tu, jirani yake ana kuku wanaolala juu ya mti, hawajachanjwa, na vifaranga wao huchukuliwa na mwewe mchana na kicheche usiku. Nao ni kuku wa kienyeji, na mayai yao sokoni yangeitwa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeamini kwamba kuku akiachwa huru amekwisha kutunzwa vyema. Neno kienyeji hutaja asili ya kuku. Kuhusu mikono iliyomlea halisemi lolote.

Mchana mama alinionyesha namna anavyokusanya mayai. Kila yai huliandika alama kwa kipande cha mkaa siku lilipotagwa, na kiotani huacha moja ili mtetea asikihame. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 hivi, kisha huatamia kwa siku 21, halafu huongozana na vifaranga kwa wiki nyingi kabla hajarudi kutaga, ilhali kuku wa kisasa wa mayai anaweza kukaribia mayai 300 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo shilingi 500 si bei ya dhuluma kabisa, mradi yai liwe la kweli.

Siku iliyofuata nilitembelea mashamba mawili karibu na mji wa Singida. La kwanza nilizuiwa getini. La pili ni la kijana anayefuga kuku chotara, ambaye alinifungulia mabanda yote na kunionyesha daftari lake. Kila dawa imeandikwa tarehe iliyotolewa na siku za kusubiri kabla ya mayai au nyama kuliwa, na mayai ya siku hizo huyafukia shimoni. Nilimuuliza kama haimuumi kuyatupa. "Inauma, dada," akasema, "lakini hata mama yangu anakula mayai ya hapa."

Nyama niliitafuta wakati wa kurudi, Kongwa, katika nchi ileile ambako Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947, ukawashinda, na ambako leo ipo ranchi ya taifa ya ng'ombe. Mfugaji niliyemtembelea ni wa kawaida, Mgogo mwenye ng'ombe wasiozidi 30. Huwaogesha dhidi ya kupe, amewahifadhia nyasi kavu za kiangazi, na huuza baadhi yao mapema, malisho yangali mazuri, ili wanaobaki wasikonde. Huuza kwa mchinjaji wa karibu tu, nyama ikapigwa mhuri wa mkaguzi siku hiyohiyo. Nilinunua kilo nne, na kwa mara ya kwanza nilijua nyama yangu ilikuwa imekula nini.

Kabla sijaondoka Ikungi, mimi na mama tulikuwa tumekwisha kupatana. Familia tatu za mtaani kwetu zitachukua mayai yake kila baada ya wiki mbili, yakiwa yamefungwa kwenye boksi lenye pumba na kutumwa kwa basi. Kuku wazima hatutaagiza, kwa sababu ya matenga. Naye alitoa sharti moja: miezi ambayo watetea wengi wanaatamia hatatutumia kitu, na hatanunua mayai ya mtu mwingine ili kujaza boksi letu. Boksi la kwanza lilifika Jumamosi iliyopita, likiwa na mayai 41, kila moja na alama yake ya mkaa.