Gemu lilikuwa linakwamakwama, kumbe ni nafasi za ramu

Niandike kabla sijasahau, huenda nikamwokolea mtu usiku wake. Niliunga mwenyewe kompyuta ya bajeti ya kati: prosesa ya Ryzen 5 5600, kadi ya picha ya RX 6600, ramu (vibao vya kumbukumbu) mbili za GB 8 za DDR4, kasi 3200. Iliwaka mara ya kwanza tu. Lakini kila nikicheza gemu, picha inakwenda, inakwama, inakwenda tena, kama daladala kwenye matuta.

Nikabadilisha draiva, yaani programu inayoendesha vifaa, wapi! Nikaweka Windows upya, usiku mzima ukaishia hapo. Nikaanza kupigia hesabu kadi nyingine, na hela yenyewe sina.

Kilichonifumbua macho ni Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha hali ya kompyuta, upande wa kumbukumbu: kasi 2133, wakati boksi limeandikwa 3200. Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu. Ramu nilikuwa nimezipanga jirani, nafasi ya kwanza na ya pili kutoka kwenye prosesa. Zinapendeza kwa macho, ila zote mbili zilikuwa zinapita njia moja, badala ya kila moja na njia yake. Nikazihamishia nafasi ya pili na ya nne, nikasukuma hadi vishikizo vikalia “tak”. Kisha nikaingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kwa kubonyeza Delete, nikawasha XMP, inayofanya ramu ziende kwa kasi ya kwenye boksi, nikahifadhi.

Kwenye mazabodi yangu, ule ubao mkuu wa ndani, nafasi hizo zimeandikwa A2 na B2, herufi ndogo kama punje ya mchele. Nilizisoma kwa tochi ya simu. Tangu juzi gemu halijakwama hata mara moja.