Kukariri msilifanye tusi

Vijana wetu wana msemo siku hizi. Ukibishana nao mpira au siasa, ukishikilia rai yako, utaambiwa: "Mzee, umekariri!" Yaani umeganda, hufikiri. Msemo huu unaniuma.

Mimi nasomesha chuo cha Kurani hapa Wete, Pemba, watoto wanakuja baada ya alasiri. Kwetu kukariri ndiyo kazi yenyewe. Mtoto aya moja huirejea mpaka ulimi uizoee, ndipo apewe ya pili, na kesho yake huanza kwa kudurusu ya jana.

Sasa hivi niko na binti mmoja kwenye Surat Rahman. Sura ina aya 78, na 31 kati ya hizo ni aya moja ile ile: "Fabiayyi aalaai Rabbikumaa tukadhdhibaan", basi ni ipi katika neema za Mola wenu mnayoikanusha? Anayedhani sura inayojirudia ni nyepesi, na ajaribu. Aya hiyo ndiyo inayompoteza msomaji, maana akishaimaliza anaweza kuangukia popote. Binti alikuwa akiruka kila siku. Nikamwambia afunge msahafu, anitajie kwa Kiswahili mambo yanavyofuatana: mtu kwa udongo, jini kwa moto, mashariki mbili na magharibi mbili, bahari mbili zinazokutana, lulu na marijani, kisha vyombo vinavyokwenda baharini kama milima. Hapo kwenye vyombo alicheka, babake ni mvuvi. Tangu siku hiyo haruki. Huko ni kukariri, na ni kufikiri vilevile.

Asili ya neno ni Kiarabu, karrara, kurejea jambo. Mzizi huo ndio uliotupa takriri katika fasihi, na mkarara wa shairi, ule mshororo wa mwisho unaorudi katika kila ubeti. Wasomi wa tajwidi, elimu ya kuitamka Kurani sawasawa, nao wana takriri yao, ni sifa ya herufi raa, ulimi kutaka kutetemeka. Hii mwanafunzi hufunzwa ili aizuie. "Arrahmaan" isitoke kama injini ya mashua: ncha ya ulimi iguse juu, itulie.

Pengine neno lilianza kuchafuka skuli. Aliyefeli huambiwa akariri darasa, na wenzake wanamcheka barazani. Mimi sioni cha kuchekwa. Bora arejee mwaka akajua kusoma kuliko kusukumwa mbele hajui.

Wazee wenzangu mlio na watoto chuoni, nina ombi moja. Usiku mkishakula, mwambieni mtoto akusomeeni ya jana, kisha akuelezeni inasema nini. Akikwama kwenye maana, nileteeni kesho tuanze hapo hapo.