Mgomba uliovishwa sari

Nimerudi hosteli sasa hivi. Miguu inaniwaka, nguo zinanuka moshi wa makumbi ya nazi, na usingizi sina hata wa dawa. Mama amepiga simu mara mbili sikusikia. Nitampigia alfajiri yao. Kwanza niandike, maana nikilala haya yatanitoka.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nasoma famasia hapa Kolkata, India, mwaka wa tatu. Ng'ambo ya mto Hooghly, ambao wenyeji wanauita Ganga basi, iko Belur Math, makao makuu ya watawa wa Kihindu wa Ramakrishna. Swami Vivekananda, mwanzilishi wao, alikipata kiwanja kile mwaka 1898, na humo ndimo alimofia, tarehe 4 Julai 1902, akiwa na miaka 39. Chumba chake kimeachwa kama alivyokiacha.

Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Sikuanza kwenda kule kwa ajili ya hekalu, nilianza kwa ajili ya maji. Bahari iko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, lakini mto huu unapwa na kujaa. Mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa nalia kila Ijumaa, nilikuwa napanda boti pale Kuthighat, navuka, nakaa kwenye ngazi za ukingoni kutazama maji yakipanda ngazi moja baada ya nyingine. Aliyekulia pwani atanielewa.

Kwa hiyo watawa wale niliwajua kwa siku zao za kawaida kabla ya kuwajua kwa sikukuu, na nashukuru ilikuwa hivyo. Siku yao inaanza saa kumi alfajiri. Wanaovaa nyeupe bado ni wanafunzi wa utawa, na watakaa hivyo miaka mingi kabla ya kuvishwa ile rangi ya machungwa iliyofifia na kupewa jina jipya linaloishia na -ananda, yaani furaha. Baada ya ibada ya alfajiri kila mtu na kazi yake: huyu ofisini, huyu zahanati, huyu kumenya viazi, huyu na fagio la chelewa kwenye majani ya miembe. Mtawa unamwita Maharaj, awe kijana au mzee. Wao wanatuita Ma, yaani mama, hata kama una umri wa mjukuu wao. Maharaj mmoja mzee wa bustanini hajawahi kunisalimu kwa neno jingine zaidi ya hili: "Ma, umekula?"

Siku moja nilifika mchana nikakuta milango ya hekalu kubwa imefungwa. Nikamuuliza mlinzi kulikoni. Akasema amelala. Nani? Akaonyesha hekaluni kwa kidevu. Mle ndani iko sanamu ya marumaru ya Sri Ramakrishna, mwalimu wao, na kwao yule si jiwe la kutazamwa. Asubuhi anaamshwa, anapelekewa chakula, adhuhuri anapumzishwa, jioni milango inafunguliwa tena. Jua likizama wanampungia kwanza taa, kisha maji ndani ya gamba la konokono wa baharini, kisha kitambaa, kisha ua, na mwisho upepeo wa singa. Vitabu vyao vina maelezo marefu ya kila kitu. Mimi niliona mapokezi ya mgeni: umemulikiwa njia, umeoshwa miguu, umefutwa, umepewa kitu cha kunukia, sasa kaa upepewe. Bibi yangu alikuwa akimpokea mgeni hivyo hivyo, toka mlangoni hadi jamvini.

Dini yangu haina sanamu, na sitajifanya kuwa pale nilikuwa nasali. Nilimwambia Maharaj wa bustani wazi tangu mwanzo, hata chakula kilichotolewa kwa mungu wao sitakula. Nilikuwa nimejiandaa kwa mjadala. Hakusema kitu. Aliingia jikoni akatoka na ndizi mbili, akaniambia hizi bado hazijapelekwa kule. Tangu siku ile ndizi zangu zinawekwa kando. Baadaye nikaja kujua kwamba Ramakrishna mwenyewe aliwahi kufuata ibada za Kiislamu kwa siku kadhaa, na kwamba usiku wa kuamkia Krismasi watawa hawa huweka picha ya Maryamu na mwanawe na kuipelekea matunda na keki.

Sasa Durga Puja, sikukuu ya mungu wa kike Durga. Kolkata nzima imesimama wiki hii, na kelele za mitaani sitaki hata kuzieleza. Nilikwenda Belur siku tatu kati ya hizo. Watu wa Bengali wanaisimulia sikukuu hii hivi: Durga ni binti aliyeolewa mbali, kwa mungu Shiva, kwenye milima ya theluji. Mara moja kwa mwaka anarudi kwao na watoto wake wanne. Wanamsubiri kama mtoto wa mtu. Anakaa siku hizo chache, anakula, anapambwa, halafu anarudi kwa mumewe. Nilipoelezwa haya na mwenzangu wa chumba, ilibidi nitoke kwenye veranda kidogo.

Siku ya Saptami, yaani ya saba, nilivuka na boti ya mapema. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji. Nikakuta watawa wanateremka ngazi na ngoma kubwa za dhak, na katikati yao mmoja kabeba mgomba. Mgomba kweli, mchanga, urefu wa mtoto wa darasa la tano, na majani yake. Umefungwa pamoja na matawi ya mimea mingine minane, na mingi naijua tangu utoto: mpunga, manjano, komamanga, gimbi. Wakauogesha mtoni taratibu, wanaumwagia maji kwa chombo kidogo. Kisha wakauvisha sari nyeupe yenye pindo jekundu. Jani kubwa la juu likainamia mbele, pindo likalifunika, na ghafla mgomba ukawa bi harusi aliyeinamisha uso kwa haya. Wanauita hivyo hivyo, kola bou, bi harusi mgomba, na wanasema ndani ya mimea ile tisa yumo Durga mwenyewe.

Nilitazama mikono ya yule mtawa aliyekuwa anapanga mikunjo ya sari. Mikono minene ya mtu wa kazi. Aliukunja mkunjo wa kwanza, haukumridhisha, akaufungua, akaukunja upya. Hakuna aliyemharakisha. Kwetu mgomba unatupa jani la kufunikia chungu na kamba ya kufungia mzigo, ukishazaa tunaukata. Sikuwahi kufikiri unaweza kuinamiwa namna ile.

Jumapili, siku ya Ashtami, ya nane, umati ulikuwa haumithiliki. Hiyo ndiyo siku ya Kumari, msichana mdogo anayeabudiwa kama Mungu Mama aliye hai. Vivekananda aliianzisha hapo Belur mwaka 1901, Durga Puja ya kwanza ya nyumba ile. Na kuna jambo la mwaka ule ambalo linanikaa moyoni kuliko yote. Mtawa aliyekwishaapa ameacha ibada za nadhiri za namna hii, kwa hiyo hawezi kuitoa Durga Puja kwa jina lake. Ikatolewa kwa jina la Sarada Devi, mjane wa Ramakrishna, mwanamke wa kijijini waliyemwita Mama Mtakatifu, naye akaja kukaa jirani ili ahudhurie. Hadi leo, zaidi ya miaka 120, ibada ile inatolewa kwa jina lake. Wanaume mamia walioaga mama zao mlangoni, na sikukuu yao kubwa wanaifanya kwa jina la mama.

Mtoto alibebwa na mtawa, sari nyekundu, taji, miguu imepakwa rangi nyekundu kama hina iliyokolea. Nadhani alikuwa wa miaka mitano. Alikaa kitako, ametulia, anachezea ua moja kwenye shada lake huku wazee wenye mvi wakimwekea maua miguuni. Hapo ndipo wanawake wakapiga ulu.

Jamani, ulu ni vigelegele! Si kufanana navyo, ni vyenyewe. Ulimi ule ule, sauti ile ile ya harusini kwetu Chumbageni, inatoka kwa akina mama wa sari waliokuwa mbele yangu, na ubani unafuka kwenye vyetezo vya udongo vilivyojazwa makumbi ya nazi. Mwili wote ulinisisimka. Mama mmoja aligeuka, akaniona midomo inanicheza, akanifanyia ishara ya kichwa: haya. Nilipiga. Wakageuka kama watu kumi hivi, na yule mama akanishika mkono, hakuniachia mpaka mwisho.

Leo Jumanne ilikuwa Dashami, siku ya kumuaga. Jana usiku nilijiambia sitaenda. Sikupenda, nasema ukweli, wazo la kuchukua sanamu ya Durga, kazi ya udongo iliyotiwa nakshi namna ile, kope moja moja, na kuitosa majini. Nikaenda. Vijana wa nguo nyeupe walimteremsha kwa mabega, dhak zinapigwa kwa mwendo uliobadilika, watawa wengine wanacheza kabisa, machozi yanawatoka na wanacheka. Maji yalikuwa yanajaa. Walimwingiza kinyumenyume, uso ukiwa umetuelekea sisi hadi mwisho. Watu wakapaza sauti kwamba mwakani tena. Mto ukamla magoti, kifua, uso, na dakika chache baadaye nikaona majani makavu na fito zikielea, ile mifupa ya ndani iliyokuwa imeshika udongo.

Maharaj wa bustani alikuwa amesimama karibu, anafuta miwani kwa ncha ya shuka. Nikamuuliza, kwa Kihindi changu kibovu, kama hazoei. Akasema amemsindikiza zaidi ya mara arobaini, na kila mara anasahau kwamba ataondoka. Kisha: "Ma, kwenu umekwenda lini?"

Nikamwambia miaka mitatu inakatika Desemba. Hakujibu. Akanipeleka jikoni, ndizi zangu zilikuwepo, nne safari hii, zimefungwa kwenye gazeti ziwe za njiani.

Nilipokuwa naelekea kwenye boti nilipita alipokuwa amekaa Durga. Maua yalikuwa yameshafagiliwa. Jukwaa tupu, vumbi limechora pale miguu ya sanamu ilipokanyaga, na katikati wameacha taa moja ndogo ya udongo inawaka.